Dell, kama kompyuta?

Jumapili, usiku.

Leo nimemsimulia mama kitabu. Sikukusudia. Alinikuta barazani nimeinamia simu nacheka peke yangu, akaniwekea sinia la mchele mapajani. Mwenye muda wa kucheka, ati, ana muda wa kuchagua mchele. Akakaa kando yangu na sinia lake. "Haya mwanangu, nambie kinachochekesha."

Kitabu chenyewe ni The Space Between Worlds cha Micaiah Johnson, Mmarekani, kilitoka 2020. Dunia ziko nyingi zinazofanana na hii yetu, na watu wamepata njia ya kuzifikia. Sharti ni moja: usiende kwenye dunia ambayo wewe wa huko yu hai, maana safari itakuua. Kwa hiyo wanatafutwa watu waliokwisha kufa kwingi. Watoto wa matajiri hawafai, wao wazima karibu kote. Cara, msichana mweusi wa jangwani nje ya ukuta wa mji, amekufa kwenye dunia 372: maradhi, magenge, visasi. Ndipo akapewa kazi, na nyumba ndani ya ukuta, ghorofa za chini. (Ana siri nyingine, hiyo sikumwambia mama na hapa siisemi.)

Mama akatulia, chuya kidoleni. "Yaani wamemwajiri kwa umaskini wake."

Mimi ilinichukua sura tatu kuliona hilo. Mama ana miaka 19 akipikia watu Nyali, mtaa wa matajiri hapa Mombasa. Langoni bado anaandikwa daftarini kila asubuhi, na askari anayemwandika ni jirani yetu hapa Kisauni.

"Sasa, Cara anampenda Dell. Ndiye anayemwongoza akiwa safarini."

"Dell, kama kompyuta?"

"Kama kompyuta."

Moyo ukaanza kunienda mbio, kwa sababu Dell ni mwanamke. Kwa Kiingereza ningeshikwa kwenye sentensi ya kwanza. Kwa Kiswahili nikaendelea tu: anampenda, anamtania, anaogopa kumwambia. Miaka minne sasa nimejificha humo. "Amefika salama, mama." "Amekusalimu." Naye hujibu, "Nisalimie na yeye," wala hajauliza zaidi. Au hataki kuuliza. Mei 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokataa kukifuta kifungu cha 162, kile kinachotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, tulikuwa tunatazama habari pamoja. Alibadilisha chaneli bila neno, akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

"Kwao huyo Dell ni wapi?"

"Humo mjini, ghorofa za juu. Kwao wana pesa."

Akatikisa kichwa. "Hawatakubali."

"Kwa nini?" Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Wa ndani ya ukuta na wa nje? Nyumba hizo nazijua mimi. Siku ya kwanza watamwita mgeni. Siku ya pili watamtuma maji."

Nilicheka hadi mchele ukamwagika, mama akanigombeza, tukauokota punje kwa punje. Hakujua ninachocheka. Wangu mimi, kwao ni Nyali. Mwezi uliopita alinipeleka nyumbani kwao, rafiki wa kazini, chakula cha mchana. Tulikuwa hatujamaliza kula mamake aliponitazama, akatabasamu vizuri kabisa, akaniomba nimletee glasi jikoni.

Niliinuka nikamletea.