SHA, soda na njia ya miguu iliyojaa bodaboda

Tangu Oktoba 2024 hapa Kenya mwenye mshahara anakatwa 2.75% ya SHA, bima ya afya ya serikali, ukilipwa laki moja ni 2,750 na enzi za NHIF, ile bima ya zamani, ilikuwa 1,700, sawa tu, silalamiki sana, mgonjwa lazima alipiwe na mtu. Shida naiona kwa mama mboga, yeye sheria inataka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, hata ile ya chini kabisa ya 300 kwa mwezi inakuwa 3,600 na pesa yake inaingia kidogo kidogo, leo mvua imenyesha sukuma imelala hapo hajauza. Halafu eti tufanye mazoezi tusiugue. Wapi jamani? Njia ya miguu huku kwetu ni stage ya bodaboda, na soda bei yake karibu sawa na maji! Mimi ningepandisha ushuru wa soda, hizo hela ziende dispensari moja kwa moja zisipitie kwa mtu.