Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Boti za Ski za Zamani, Florida

Saa 11:30 alfajiri

Rezini hupakwa kabla jua halijapanda. Mwezi Julai hapa Orlando mchana hufika nyuzi 33, na epoksi ikizidiwa joto kwa nyuzi kumi muda wake wa kufanyiwa kazi hupungua karibu nusu. Ndiyo maana siku ya karakana hii hupangwa hivi: rezini alfajiri, injini mchana, ziwa jioni.

Boti iliyo wazi kwenye trela, ya kuvuta watelezaji juu ya maji, ni Ski Nautique 2001 (2001 ni jina la modeli, si mwaka), aina iliyotoka kiwanda cha Correct Craft kati ya 1982 na 1989. Jina la Ski Nautique ni la zamani zaidi: lilianza 1961 kwa Leo Bentz wa Miami, kisha Correct Craft wakalichukua. Injini ni ya PCM, kampuni ya injini za boti, iliyojengwa juu ya Ford V8 ya lita 5.8, ile ambayo mafundi huiita 351. Imekaa katikati ya boti na shafti yake inashuka moja kwa moja hadi kwenye propela. Uzito ukiwa katikati, tezi, yaani nyuma ya boti, haizami, na mawimbi ya nyuma hubaki madogo kwa anayevutwa kwa kamba.

Wanaonunua boti hizi hukimbilia injini. Lakini injini ndiyo sehemu rahisi, vipuri vyake bado vinauzwa. Ugonjwa wenyewe umo chini ya sakafu, kwenye boriti za mbao zilizofunikwa kwa faiba. Boti za miaka ya 1980 zilijengwa kwa mbao hizo na povu la kujazia nafasi. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu na bolti, povu huyanywa, mbao huoza taratibu, na boti hubeba zaidi ya kilo mia za maji ambazo mwenyewe hazioni.

Saa 12 asubuhi

Leo ni zamu ya boriti ya kulia. Boriti hutolewa moja moja, nyingine ikiachwa mahali pake ili tumbo la boti lisipoteze umbo. Kabla ya msumeno kugusa sakafu, boti husawazishwa kwa pima maji, na tumbo huwekewa vishikizo kila nusu mita. Tumbo likikauka limebonyea au limevimba, hata kidogo tu, boti itakimbia na omo, yaani mbele yake, ikiwa chini au itarukaruka, na hakuna propela itakayolirekebisha hilo.

Vipimo vya kuandika kabla ya kukata: kimo cha boriti kila sentimita 30, umbali kati ya boriti mbili kwenye kitako cha injini, na mstari wa shafti. Huo wa mwisho hupatikana kwa kuvuta uzi wa kuvulia samaki kutoka kwenye mkono wa shafti, kupitia katikati ya tundu lake, hadi mbele ya injini. Bila uzi huo injini itarudi mahali pengine na hutajua kwa nini kaplingi, kiungo cha injini na shafti, haifungi.

Boriti mpya ni plaiwudi ya baharini ya milimita 18, mbili zimegundishwa pamoja, viungo vikipishana. Ncha za mbao hupakwa epoksi mara mbili kwanza, kwa sababu ndizo zinazonywa maji haraka. Faiba ya zamani husagwa kwa msasa wa 40 hadi sentimita 15 kila upande, kisha hufutwa kwa asitoni. Barakoa ya vichujio ni lazima, na mikono huoshwa kwa maji baridi ili vumbi la faiba lisizidi kuwasha.

Mbao haikai juu ya tumbo moja kwa moja, kwani ikigusa, doa gumu litaonekana nje baada ya msimu. Huachwa nafasi ya milimita tano hivi, ikajazwa epoksi iliyochanganywa na unga wa silika hadi ikawa nzito kama siagi ya karanga. Pembeni huwekwa mviringo wa mchanganyiko huohuo, kwa sababu kitambaa cha faiba hakikubali kona kali. Huacha hewa chini yake. Mviringo ukiwa bado unanata, tabaka tatu za kitambaa hulazwa: upana wa sentimita 10, kisha 15, kisha 20. Rezini iwe na uzito unaokaribiana na wa kitambaa. Ikizidi haiongezi nguvu, inaongeza uzito.

Epoksi huchanganywa kidogo kidogo, mililita 300, na humiminwa mara moja kwenye sinia pana. Ikiachwa kwenye kopo hujipasha yenyewe na kuanza kutoa moshi. Usibadilishe kiasi cha kigumishi ili kuharakisha au kuchelewesha. Huo ni utaratibu wa poliesta, ambayo huongezwa kigumishi asilimia 1 hadi 2 kulingana na joto. Epoksi ina uwiano mmoja tu. Ukitaka muda zaidi nunua kigumishi cha polepole. Poliesta ni rahisi kwa bei, na kiwanda kiliitumia, lakini kwa kushika faiba ya zamani naichagua epoksi.

Kesho utando wa nta unaotokea juu ya epoksi utaoshwa kwa maji na sponji ngumu kabla ya kupigwa msasa. Msasa ukitangulia, nta huingia ndani na tabaka linalofuata halishiki.

Saa 3:30 asubuhi

Chai, na boti ya ukaguzi kabla ya kununuliwa. Ukaguzi wenyewe ni wa nusu saa.

Namba ya tumbo ipo nyuma kulia, herufi na tarakimu 12, na kwa boti zilizojengwa tangu Agosti 1984 mbili za mwisho hutaja mwaka wa modeli. Ikitofautiana na hati, mazungumzo yanaishia hapo. Kisha nyundo ya plastiki hupita juu ya boriti: mbao nzima hulia kavu, iliyooza hujibu kwa sauti ya bubu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni bolti za vikalio vya injini. Shika spana, jaribu kukaza: bolti ikizunguka bila kukaza, mbao ndani yake imekwisha. Mwenye shaka atoboe tundu la milimita 3 mahali palipofichika atazame unga unaotoka. Ukiwa mweusi na unyevu, jibu limepatikana. Tundu huzibwa kwa epoksi.

Boti iliyotoka majimbo ya kaskazini huangaliwa na jambo la pili, barafu. Maji yasiyomwagwa kabla ya majira ya baridi huganda na kupasua bloku ya injini. Oili yenye rangi ya maziwa au ufa wenye kutu chini ya manifoldi ni sababu ya kuondoka.

Wenye boti za faiba za watalii Mombasa na Unguja watalitambua tatizo hili kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Mbao iliyofungiwa ndani ya faiba huoza vilevile hata kama injini ni ya nje.

Saa 5:30

Boti ya pili, ya aina ileile, imeshapata boriti na sakafu. Inahitaji injini iliyo tayari kwa maji jioni hii.

Kwanza, mwelekeo wa mzunguko. Baadhi ya injini hizi huzunguka kinyume na za gari, na stata, sili za oili na kemu hutofautiana. Mpangilio wa kuwasha silinda wa 351 ya kawaida ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ya kinyume ni 1-8-4-5-6-2-7-3. Waya za plagi zilizopangwa kwa kitabu cha gari huleta mlipuko kwenye kabureta, kisha mtu huanza kulaumu kabureta.

Pili, vipuri viwe vya majini. Stata, alteneta, distribyuta, kabureta na pampu ya petroli za gari hufanana na za boti kwa sura, lakini hazikuzibwa kuzuia cheche au mvuke. Kwenye gari mvuke wa petroli hupeperuka chini. Kwenye boti hukusanyika ngamani, chini kabisa ndani ya boti, ukingoja cheche. Mipira ya petroli ya enzi hizo pia haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli. Hulainika na kuchubuka ndani, na vipande huziba kabureta. Yote hubadilishwa kwa mpira wenye alama A1-15.

Impela ya pampu ya maji hubadilishwa kila mwaka, iwe imechakaa au la. Ikizunguka bila maji kwa muda mfupi tu huungua. Ya zamani ikitoka, hesabu mabawa yake. Lililokosekana liko mbele, mara nyingi kwenye nyumba ya thamostati, na lisipotafutwa litaziba njia siku ya joto. Majani ya ziwani nayo hukwama kabla ya pampu, mdomoni mwa kipoza oili ya giaboksi. Injini ikipanda joto ziwani, anzia hapo.

Saa 8:30 mchana

Radi. Kiangazi cha Florida huleta mvua karibu kila alasiri, kwa hiyo hapa kazi ni za ndani.

Jelikoti, tabaka la nje lenye rangi juu ya faiba, ikiwa imefifia hupigwa msasa wa maji 1000, 1500, 2000, kisha mashine ya kung'arisha kwa mwendo wa polepole, kisha nta. Penye vumbi la metali linalometameta msasa uwe mwepesi sana: chembe hizo ziko chini ya tabaka angavu, na maji ya msasa yakigeuka rangi ya fedha umeshazikata. Hapo hakuna kurudi nyuma ila kupaka upya.

Kasimita za boti hizi hupima msukumo wa maji kwenye kijitundu kilicho chini ya tezi, na kijitundu hicho hupenda kuziba mchanga na wadudu. Pulizia hewa kutoka ndani, mpira ukiwa umechomolewa kwenye kasimita. Ukiusahau umechomekwa, utaipasua kasimita yenyewe.

Saa 10:45 jioni

Mvua imekata, ziwa limetulia. Kizibo cha ngama huwekwa kabla ya trela kugusa maji. Feni ya ngama huendeshwa dakika nne, kifuniko cha injini hufunguliwa, na pua hunusa. Ikisikia petroli, ufunguo hauguswi.

Kaplingi ililinganishwa karakanani, lakini hesabu ya mwisho hufanywa boti ikielea, maana tumbo hubadilika kidogo likibebwa na maji. Bolti hutolewa, nyuso mbili husogezwa zigusane, fila geji, bamba jembamba la kupimia nafasi, ya sehemu tatu za elfu moja za inchi, yaani milimita 0.08, hujaribiwa juu, chini, kulia, kushoto. Ikiingia chini pekee, vikalio vya mbele vya injini hushushwa. Ikiingia juu, hupandishwa. Kisha shafti pekee huzungushwa robo duara na kupimwa tena. Nafasi ikihama pamoja na shafti, tatizo ni shafti au kaplingi iliyopinda, na kusogeza injini hakutasaidia. Wengi hula jioni nzima hapa kwa kuruka kipimo hiki cha pili.

Kamba ya kuzibia maji kwenye shafti ni pete tatu, zimekatwa kwa mshazari, viungo vyake vikipishana theluthi ya duara. Nati ikazwe kiasi tu: shafti ikizunguka, tone moja kila sekunde chache. Baada ya dakika kumi, gusa. Ikiwa moto, legeza. Kisichodondosha tone kinakata shafti.

Kisha mwendo. Njia ya slalomu, ya kuzunguka maboya kwa zamu, ina urefu wa mita 259 na maboya sita ya mtelezaji. Kwa kilomita 58 kwa saa boti huipita kwa sekunde 16.08, kwa 55, sekunde 16.95. Saa ya mkononi ni ya kuaminika kuliko kasimita ya 1985. Hesabu ya pili ni ya propela: gia ya moja kwa moja, hatua (umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja) ya inchi 13, mizunguko 3,300 kwa dakika ingetoa kilomita 65 kwa saa bila kuteleza. Boti hii ikiipata 58 kwa mizunguko hiyo, imepoteza kama asilimia 11, ambayo ni afya. Ikihitaji 3,700 kwa kasi ileile, kagua propela kwanza, halafu uzito: huenda povu limebaki na maji mahali.

Saa 1:15 usiku

Boti juu ya trela, omo imeinuliwa, kizibo kimetolewa. Kinachotoka ngamani hupimwa kwa kopo na kuandikwa. Matone ya shafti hayazidi lita moja kwa jioni kama hii. Yakizidi, taa inashushwa chini ya sakafu na utafutaji unaanzia kwenye bolti za mkono wa shafti, kisha kwenye bamba la usukani, kisha kwenye mapezi.