Potasiamu haichomwi, hutundikwa

Ampuli ya potasiamu kloraidi na ampuli ya maji ya sindano zinafanana kama mapacha: ml 10, maji maangavu, maandishi madogo. Muuguzi akiichukua ya potasiamu kwa mazoea ya mkono, akayeyushia antibayotiki na kuisukuma kwenye kanula (kimrija kilichochomekwa mshipani), moyo wa mgonjwa unaweza kusimama hapo hapo. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilihimiza ampuli hizi kali ziondolewe wodini. Kama kwenu bado zipo, zifungieni kabati lake peke yake, na kabla ya kuvunja ampuli, wauguzi wawili wasome lebo kwa sauti.

Lebo yenyewe someni hadi asilimia. Ampuli ya ml 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20 (milimoli ndiyo kipimo cha kiasi cha potasiamu). Ya asilimia 10 ina milimoli 13 na kidogo. Kwa hiyo "weka ampuli mbili" halijawa agizo. Mrudishie daktari faili aandike milimoli ngapi, kwenye maji kiasi gani, kwa saa ngapi. Na kama upungufu wa potasiamu mwilini ni mdogo na mgonjwa anameza, dawa ya kunywa ni salama zaidi.

Kuna vikomo viwili, na watu huvichanganya. Kwenye mshipa wa mkono, lita moja isizidi milimoli 40, la sivyo mshipa unauma na kuvimba. Hicho ni kikomo cha ukali. Cha kasi ni milimoli 10 kwa saa wodini. Zaidi ya hapo mgonjwa awe kwenye mashine inayoonyesha mapigo ya moyo muda wote.

Tuseme ni milimoli 20 ndani ya ml 500 za salaini, kwa saa 4. Seti, yaani mpira wa dripu, ikiwa ya matone 20 kwa ml: 500 mara 20, gawa kwa dakika 240, unapata matone 42 kwa dakika, yaani milimoli 5 kwa saa. Lakini geuza pakiti ya seti uone. Ukihesabu matone 42 hayo hayo kwenye seti ya matone 10, chupa inaisha kwa saa 2 na umeshafika kwenye kikomo. Salaini inafaa kuliko dekstrozi, kwa sababu sukari huamsha insulini, nayo insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, na kiwango kwenye damu kinashuka zaidi.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kuchanganya chupa ikiwa tayari inaning'inia. Potasiamu ni nzito kuliko salaini. Inatuama shingoni, pale pale mpira unapoanzia, na mgonjwa anapokea karibu yote katika dakika za mwanzo ingawa matone umeyahesabu sawasawa. Funga mpira, shusha chupa, ingiza dawa, pindua juu chini angalau mara 10, bandika lebo, ndipo utundike. Chupa inayoendelea kuingia usiiongeze kitu.

Kabla ya kutundika, uliza mkojo. Mtu wa kilo 60 anapaswa kutoa walau ml 30 kwa saa. Akiwa chini ya hapo, piga simu kwa daktari kwanza, maana figo ndizo zinazoitoa potasiamu.

Dripu isiyo na pampu hubadilika mgonjwa akikunja mkono tu. Bandika plasta ubavuni mwa chupa, uweke alama kila ml 125: saa 3, saa 4, saa 5, saa 6, kama umeanza saa 2 asubuhi. Na ndugu aliye kitandani aambiwe waziwazi: "Mama, hii ina dawa ya moyo kwenda sawa, ikikimbia ina hatari. Ikisimama usiguse hili gurudumu, niite." Wengi hulifungua kwa huruma, wakiona dripu inachelewa.

Mgonjwa akisema viungo vinalegea, au mapigo yakienda ovyo, funga mpira kwanza, ndipo uite msaada. Kanula iache mahali pake: kalsiamu glukoneti, dawa ya kuulinda moyo, itapitia hapo, baada ya kubadilisha mpira. Kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo) tazama mawimbi ya T yaliyochongoka.

Na potasiamu ikigoma kupanda licha ya dripu kuingia vizuri, ombeni kipimo cha magneziamu. Ikiwa chini, figo zinaendelea kuimwaga potasiamu kwenye mkojo kadiri mnavyoiongeza.