Presha, rozari na watu wa jumuiya

Mwenzenu nina presha. Ilijulikana mwaka 2024, ule msimu ziwa lilipofungwa, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti hakuna kuvua Tanganyika ili samaki wazaliane, sawa, hoja yao naielewa na wala sipingi, ila sie wa dagaa wa Kibirizi, huku Kigoma, tulikaa tunaangaliana tu, marejesho ya kikoba yanadai, ada inadai, usiku macho kodo. Nesi akanipima, akaniangalia, akapima tena. Nikaanzishiwa vidonge na mpaka leo nameza, hilo naliweka hapa juu kabisa msije mkasema huyu mama kasema sala inatosha.

Kinachonisumbua akili ni hiki, kwa nini nikitoka jumuiya, yaani sala yetu majirani Wakatoliki, mwili unakuwa mwepesi? Sisemi roho, nasema mwili. Mabega yanashuka, kichwa kinaacha kugonga, na usiku wake nalala. Mi jibu langu siku zote lilikuwa ni neema, basi. Na bado nasema ni neema, ila binti yangu anasoma uuguzi na juzi kanisomea habari ya utafiti wa mwaka 2001 uliofanywa na Bernardi, daktari wa Italia, na wenzake. Walichukua watu 23 wasio na ugonjwa, wakawasalisha rozari kwa Kilatini, wakawapa pia maneno ya yoga ya kurudiarudia. Pumzi zao zikashuka mpaka kama 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huwa anapumua kama mara 12 mpaka 20.

Sa fikiria tunavyosali. Kiongozi anaanza Salamu Maria umejaa neema, anakwenda mpaka amalize sehemu yake, sie wote kimya tunavuta hewa, halafu tunaitikia Maria Mtakatifu Mama wa Mungu kwa pumzi moja mpaka amina. Hakuna aliyekuambia pumua taratibu, ni sala yenyewe inakupangia. Binti anasema kwenye mishipa mikubwa ya shingoni kuna sehemu zinazohisi presha, ikipanda zinaupa ubongo taarifa na moyo unapunguza mbio, na ukipumua pole pole namna hiyo ule mfumo unafanya kazi vizuri zaidi. Nilifurahi jamani. Bibi zetu walikuwa wanashika tu zile punje bila kuambiwa na mtu. (Kuna baba mmoja kwenye jumuiya yetu, akiongoza yeye anakimbiza kama anawahi treni, hiyo sidhani kama inamshusha mtu presha.)

Lakini nikampelekea hoja hiyo rafiki yangu wa Ujiji, yeye ni Mwislamu, usiku wa kuamkia Ijumaa huwa wanakaa zikri, kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, akacheka. Akaniambia dada, sie zikri yetu ikishapamba moto hakuna cha kupumua pole pole, watu wanasimama, wanayumba, pumzi zinatoka kwa nguvu, jasho linatiririka, na nikirudi nyumbani nalala kama mtoto. Hapo nikakwama. Maana kama dawa ni pumzi ya taratibu tu, mbona yeye wa pumzi ya haraka naye anapona uchovu uleule?

Nikaanza kuona kwamba pumzi ni sehemu tu, kubwa zaidi ni watu. Kuna utafiti mwingine wa Marekani uliotoka 2016, waliwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 kwa miaka 16, wale waliokuwa wanakwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiokwenda kabisa. Najua mtasema mgonjwa hawezi kwenda kanisani ndo maana, na ni kweli, watafiti wenyewe walijitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu zao, ila huwezi kulimaliza lote. Katika sababu walizotaja kuna sonona kupungua, kuvuta sigara kidogo, na kuwa na watu wa kukushika mkono.

Hilo la watu silihitaji utafiti. Kipindi kile cha ziwa nilikacha jumuiya, nikajifungia, aibu ya madeni. Wakaja. Hawakuja kuniombea kwanza, walikuja na unga na mawese, mmoja akafua nguo za watoto bila kuuliza, ndo baadaye tukasali. Na ni mama mmoja kati ya hao aliyeniona navyoshika kichwa akasema kesho twende tukapime.

Sasa kuna upande siupendi. Kuna mahali nilipelekwa kwenye maombi nikaambiwa presha yangu ni kwa sababu imani yangu ndogo, niache vidonge nione. Nilitoka zangu. Kumwambia mgonjwa Mungu kamwacha, au anamwadhibu, kunaweza kumuumiza mwilini pia, kuna utafiti wa Marekani wa wazee waliolazwa hospitali, uliotoka 2001 huohuo, waliokuwa na mawazo ya namna hiyo walikufa zaidi katika miaka miwili iliyofuata. Na presha yenyewe mara nyingi haikupigii hodi, unajisikia mzima kabisa, unaacha dawa, unashukuru muujiza, halafu kiharusi. Anayekuombea huku anakunyang'anya dawa mi simuiti mchungaji.

Kliniki yangu safari hii imeangukia Jumamosi, siku ya jumuiya, na zamu ya kusali ni kwangu. Nimemwomba mwenyekiti tuanze mapema, kakubali, ila kasema chai iwepo na nikitoka huko nimtumie namba za presha kwa simu, maana mara ya mwisho nilimficha.