Haisi ya kulala, nyaya za Kijapani na umeme wa TANESCO

Kaka yangu alinunua Haisi iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safarini kutoka kwa mtu aliyekuwa ameiagiza Japani. Akaileta Mbeya akiwa na mpango wa kupeleka wageni Hifadhi ya Kitulo msimu wa maua. Injini safi, kitanda kipo, sinki lipo, kabati zimekaa vizuri. Kitabu cha maelekezo tu ndicho hakikuwepo, na juu ya mlango kulikuwa na safu ya swichi zenye maandishi ya Kijapani ambazo ukizibonyeza hakuna kinachotokea. Fundi wa kwanza aliangalia akasema, "Bosi, tung'oe zote tusuke upya." Bei aliyotaja ndiyo iliyomfanya kaka aniletee funguo dukani. Nauza sola na betri pale Mwanjelwa, na kwake yeye umeme ni umeme.

Nilikubali kwa sharti moja: asiichomeke popote. Ubavuni mwa gari kuna tundu lenye kifuniko, la kuingizia umeme wa nje gari likiwa limeegeshwa, na yeye alikuwa ameshanunua ekstensheni ya kuuvuta kutoka sebuleni. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu wa TANESCO ni 230. Chaja iliyofichwa chini ya kitanda ilikuwa na kibati kilichoandikwa wazi AC 100V, na soketi za ndani zilikuwa za pini mbili bapa. Angechomeka, chaja ingekwenda palepale, na pengine godoro nalo.

Halafu kuna rangi. Kwenye nyaya zao za volti 100, mweusi ndio wenye moto na mweupe ni nyutro, yaani wa kurudishia umeme. Fundi wa nyumba zetu za zamani, aliyezoea nyekundu kuwa moto na nyeusi kuwa nyutro, ataushika huo mweusi bila wasiwasi wowote. Ukihamia upande wa volti 12 mambo yanageuka tena: Toyota hutumia waya mweupe wenye mstari mweusi kwa ajili ya bodi, yaani hasi. Na aliyejenga nyumba ndani ya gari hakuwa Toyota, alikuja na rangi zake. Nikaamua rangi zinisaidie kukumbuka waya upi ni upi, basi. Kazi ya waya itasemwa na mita ya kupimia volti.

Kabla ya kugusa chochote nilizima kila chanzo. Watu wengi husahau sola. Paneli iliyo juani inatoa umeme hata kama betri haipo, kwa hiyo nilipanda juu nikaifunika blanketi, nikachomoa nyaya zake kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ndipo nikatoa betri ya ndani inayolisha nyumba na mwisho kichwa cha hasi cha betri ya gari. Kisha picha za simu, karatasi ya gundi yenye namba kwenye kila waya, na daftari. Kamera ya simu ilinitafsiria maandishi mengi ya kwenye swichi: taa, feni, pampu, umeme wa nje. Yale aliyoandika kwa kalamu mwenye gari wa zamani yalitushinda mimi na simu.

Betri ya ndani ilikuwa imekufa, ikisoma volti 4. Nilichukua mpya dukani lakini sikuifunga moja kwa moja. Nilichomoa fyuzi zote, nikaweka taa ya indiketa ya wati 21 katikati ya chanya ya betri na waya mkuu. Hii ni mbinu ambayo kila anayeingia kwenye gari asilolijua angepaswa kuwa nayo: kama kuna shoti, taa inawaka kwa nguvu zake zote na hapo ndipo inapoishia, kwa sababu haipitishi hata ampea mbili. Waya hauungui, fyuzi haziliki bure. Nikawa narudisha fyuzi moja, naangalia taa, naendelea. Kwenye fyuzi ya friji taa ikawaka kama ya gari linalokata kona. Nikachomoa friji yenyewe, taa bado. Basi tatizo halikuwa friji, lilikuwa njiani. Nilifungua kabati na kukuta skrubu ya rafu imepita katikati ya waya, tena imekazwa vizuri kabisa.

Pampu ya maji ilinichelewesha kuliko vyote. Niliichukua kwenye dumu lake, nikaiunganisha na betri moja kwa moja, ikazunguka. Swichi yake juu ya mlango nayo ilikuwa inapitisha. Lakini ukibonyeza, kimya. Mwishowe nikafuata nyaya mbili nyembamba zilizopanda hadi kwenye bomba la sinki, jambo lililonishangaza, maana bomba linahitaji umeme wa nini? Ndani ya koki kuna swichi ndogo: ukifungua maji inagusana, pampu inaanza. Ile ya mlangoni inatoa ruhusa tu. Swichi ya kwenye koki ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kuisafisha ilikuwa kazi ya dakika chache, kuijua ndiyo iliyokula muda.

Baada ya hapo nikapima kinacholiwa vitu vyote vikiwa vimezimwa: ampea 0.6. Ni kidogo, lakini kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 14, na betri ya ampea-saa 100 usiyotaka kuishusha chini ya nusu haitamaliza siku nne imeegeshwa. Mlaji alikuwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, iliyokuwa inasubiri kazi usiku na mchana. Kwa kuwa nayo ilikuwa ya volti 100, niliitoa pamoja na ile chaja, nikaweka za 230 na soketi za pini tatu. Tundu la ubavuni nikalibadilisha pia, maana kuacha la zamani na onyo la karatasi ni kumtegea mtu.

Kuchaji wakati wa safari kulikuwa rahisi zaidi. Ukiwasha gari, rilei chini ya kiti, swichi inayojifunga yenyewe kuunganisha betri mbili, inasema "tak", lakini betri ya ndani inabaki 12.4. Upande mmoja wa fyuzi kubwa karibu na betri ya gari ulisoma 14.1, wa pili haukuzipata: fyuzi ilikuwa imeungua.

Kilichobaki ni hita, na Mbeya mwezi wa Julai hilo si jambo la anasa. Ni ya dizeli, yenye kitufe cha kuzungusha. Ukiiwasha, feni inaanza, plagi ya kuwashia inapata moto kwa umeme mwingi, na baada ya dakika kadhaa ndipo joto linakuja. Betri ikiwa dhaifu inakataa na taa inapepesa. Nilihakikisha kwanza bomba la moshi chini ya gari halijapasuka, kwa sababu moshi ule ukirudi ndani unaua watu wakiwa usingizini. Kule Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, hewa ni nyepesi, mafuta hayaungui yote na huacha masizi, kwa hiyo nimemwambia kaka aisafishe mara kwa mara.

Ukiizima, feni inaendelea kuzunguka ili ipoe. Wageni wa kwanza, walipolala Matamba, walidhani imekwama wakakata swichi kuu. Kaka alinipigia asubuhi. Sasa juu ya swichi hiyo kuna kibandiko cha herufi kubwa: USIZIME HAPA MPAKA FENI ITULIE.