Spritz: kipimo hufuata uchungu

Tatu, mbili, moja. Divai ya mapovu mafungu matatu, pombe chungu mawili, maji ya soda moja. Kanuni hii ya spritz, kinywaji cha Kiitalia cha divai na barafu, watu wanaikariri kama jedwali la kuzidisha, na kila nikiitafakari naona ni kipimo cha chupa moja tu ya pombe chungu, Aperol. Ukibadilisha chupa, hesabu nayo hubadilika.

Tuipige hesabu yenyewe. Prosecco, ile divai ya mapovu ya Italia, nyingi ina kilevi cha asilimia 11, na Aperol nayo asilimia 11. Mililita 90 za kwanza, 60 za pili na 30 za maji ya soda zinatoa glasi ya mililita 180 yenye kilevi cha asilimia 9 hivi kabla barafu haijayeyuka. Hicho si kinywaji chepesi kama rangi yake inavyodai, kinakaribia divai. Sasa toa Aperol, weka Campari, pombe chungu iliyo kali zaidi, kwa kipimo kilekile: unafika karibu asilimia 14, maana Campari kwa kawaida ina asilimia 25 (soma lebo, hutofautiana nchi na nchi). Mwenye kuinywa atasema spritz ni chungu mno, kumbe kosa ni la mililita. Kwa Campari mimi naishia 30, prosecco 90, maji ya soda 60.

Na anayetaka wepesi wa kweli, wa kumaliza glasi na bado akapika chakula cha jioni bila kuunguza vitunguu, aweke prosecco 60, Aperol 40, maji ya soda 80. Kilevi kinashuka hadi asilimia 6 hivi. Ladha haipotei, inanyooka tu.

Kwa kweli maji ndiyo asili ya kinywaji hiki. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19, Veneto, jimbo la kaskazini mwa Italia, ikiwa chini ya utawala wa Austria, askari na maofisa waliona divai ya huko kali wakawa wanaitia maji. Pombe chungu zilikuja baadaye: ndugu Barbieri walitoa Aperol mjini Padova mwaka 1919, na Select ikatokea Venice mwaka 1920. Hadi leo wako Waveneto wanaotumia divai nyeupe isiyo na mapovu, kwa mafungu matatu yaliyo sawa, na gesi yote inatoka kwenye maji ya soda. Hii naipenda kwa nyumbani, kwani chupa ya divai ya kawaida ikifunguliwa haikukimbizi.

Jambo linaloharibu spritz nyingi huku kwetu pwani ni joto la chupa, wala si uchaguzi wa chupa. Vimiminika vya mililita 180 vikiwa na nyuzi 25, kuvipoza hadi karibu nyuzi 2 kunayeyusha gramu 50 hivi za barafu ndani ya glasi. Vikitoka friji vikiwa na nyuzi 5, ni chini ya gramu 10. Yaani ukimimina vitu vya kabatini umeongeza robo ya maji bila kukusudia. Zaidi ya hayo, gesi haikai kwenye kimiminika cha moto: maji ya nyuzi 20 hubeba karibu nusu tu ya gesi ambayo yangebeba yakiwa karibu na kuganda. Basi divai, pombe chungu na maji ya soda vyote vilale friji usiku kucha, na glasi ijazwe barafu kubwa hadi mdomoni. Vipande vitatu vinavyoelea ni ubahili unaojilipiza.

Mpangilio wa kumimina nao una sababu. Barafu, kisha prosecco polepole ubavuni mwa glasi, kisha Aperol, mwisho maji ya soda. Aperol ina sukari nyingi, hivyo ni nzito. Ikitangulia inakaa chini, na itakubidi ukoroge mpaka mapovu yaishe. Ikifuata, inashuka yenyewe ikipita ndani ya divai na kuchanganyika njiani. Kinachobaki ni kuingiza kijiko hadi chini na kukiinua mara moja. Usizungushe.

Kwenye lebo ya prosecco kuna mtego: “Extra Dry” ni tamu kuliko “Brut”. Brut haizidi gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ina 12 hadi 17, na ile ya “Dry” tu inafika 32. Aperol ina utamu wake tayari, kwa hiyo chukua Brut. Glasi iliyofutwa kwa taulo lenye nyuzinyuzi itatoa povu jingi mwanzoni kisha itulie mapema, kwa kuwa kila uzi ni mahali pa gesi kutokea. Iache ikauke yenyewe imepinduliwa. Kijiko cha fedha kwenye shingo ya chupa hakizuii gesi. Kinachosaidia ni kizibo cha kubana na baridi, na hata hivyo imalize kesho yake.

Cha kupambia kinafanya kazi. Nusu duara la chungwa kwa Aperol, bila kulikamua, maana tindikali ya juisi inafunika uchungu. Zeituni ya kijani kwa Select au Campari, kama wanavyofanya Venice. Chumvi yake inapunguza makali ya uchungu.

Nyumba isiyotumia pombe nayo haihitaji kuikosa spritz, ila isiishie kwenye juisi yenye mapovu. Bila uchungu hakuna spritz. Uchungu upo kwenye tonik, soda ile chungu, unatokana na kwinini, ileile ya gome la mkwinini unaolimwa hadi Kivu. Rangi na ukali vitoke kwenye rozela, choya kwa wengine. Mimina mililita 300 za maji yanayochemka juu ya gramu 20 za rozela kavu na ganda la nusu balungi pamoja na weupe wake, funika dakika 15, chuja, kisha yeyusha gramu 100 za sukari. Usiyaache maua jikoni yakatokota. Harufu inaondoka, unabaki na uchachu mtupu. Ikishapoa: mililita 40 za sharubati hiyo, tonik 80, maji ya soda 60, zeituni moja. Ndimu usiweke, rozela inatosha.

Ikiwa wageni ni wengi, usichanganye kwenye jagi. Chupa ya prosecco ya mililita 750 inatoa glasi nane za kipimo cha 90, zinazohitaji mililita 480 za Aperol. Pima Aperol yote mapema, iweke friji kwenye chupa safi, na divai ifunguliwe glasi zikiwa tayari zina barafu.