Usaili wa mtunza stoo ya dawa

Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi Morogoro ilihitaji mtunza stoo ya dawa. Nikiwa mfamasia, niliomba mambo mawili kabla ya usaili. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na sisi watatu wa jopo kila mtu aandike alama zake kabla hatujajadiliana. Nilishaona mara nyingi mkubwa akitamka "huyu anafaa", na wengine wote wakaitikia.

Niliandaa pia meza yenye maboksi ya amoksilini ya tarehe tofauti za kuisha muda, pamoja na chati ya joto la jokofu ya mwezi mzima.

Kijana mmoja mwenye shahada alieleza kwa ufasaha kwamba dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo hutoka kwanza. Alipofika mezani akapanga maboksi kwa ukubwa. Chati aliitazama tu, akairudisha.

Baadaye akaingia dada mmoja mwenye sauti ya chini, mpaka mwenyekiti akamtaka arudie majibu. Kisha akamwuliza, "Umeolewa? Una watoto wadogo?"

"Hilo tuliache, mzee," nikasema. "Wenzake hatukuwauliza, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mwombaji kwa ndoa au majukumu ya familia."

Mezani, dada yule aligeuza kila boksi, akasoma tarehe, akaleta mbele zinazokaribia kuisha. Akachukua chati, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Samahani, mama. Tarehe 14 wameandika umeme ulikatika kutwa nzima, lakini jioni bado ni nyuzi 5. Na mwezi wote ni 5, wino uleule. Naona hii imejazwa kwa mkupuo."

Ndivyo nilivyoijaza, kwa makusudi. Nikamwuliza angefanya nini.

"Ningesoma kipimajoto sasa hivi. Oksitosini ningeitenga kwanza, isitoke mpaka tupate uhakika."

Nilifurahi mno. Oksitosini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika kwa macho, na mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua atachomwa sindano isiyomsaidia kitu. Mtunza stoo asiyelijua hilo simtaki, hata awe msemaji namna gani.

Tulipofunua karatasi, mwenyekiti ndiye aliyempa dada yule alama nyingi kuliko sote.